Joto letu la Pwani na umri wa betri

"Fundi, simu nimeinunua juzi tu, mbona chaji haifiki hata alasiri?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mombasa, kuliko hata vioo vilivyovunjika. Wengi wa wanaouliza bado wanailipia simu yenyewe kidogo kidogo kila siku, na hofu yao ni kwamba betri itakufa kabla ya deni kuisha. Siku hizi wapo pia wanaouliza kuhusu gari la umeme lililotumika Japani, waliloliona kwenye yadi. Jibu langu kwa wote ni moja, kwa sababu betri hizo ni za ukoo mmoja.

Ni betri za lithiamu. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa mchango wao katika kuziunda. Ndani mna pande mbili. Mmoja ni wa grafaiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli. Wa pili ni wa madini kama nikeli na kobalti, au chuma na fosfeti. Katikati mna kimiminika. Ukichaji, chembe za lithiamu huvuka kwenda upande wa grafaiti. Ukitumia simu, hurudi. Ni kama feri ya Likoni: abiria ni wale wale, asubuhi wanavuka kuja kisiwani, jioni wanarejea kwao. Uwezo wa betri ni wingi wa abiria hao.

Betri inapochajiwa mara ya kwanza kiwandani, kimiminika kile hujenga utando mwembamba juu ya grafaiti. Utando huo unahitajika, maana bila yake kimiminika kingezidi kuharibika. Lakini haukomi kukua. Kila unapoongezeka unene hunasa lithiamu kiasi, na iliyonaswa haivuki tena. Ndiyo maana asilimia 100 ya leo si asilimia 100 ya mwaka juzi. Kioo kinaonyesha betri imejaa, na kweli imejaa, ila kibaba chenyewe kimekuwa kidogo.

Utando ukinenepa, umeme nao hupita kwa shida. Umewahi kuona simu yenye asilimia 25 ikizima ghafla ukifungua kamera? Kamera hudai umeme mwingi kwa mpigo mmoja, betri kongwe inashindwa kuutoa kwa kasi hiyo, volti zinashuka na simu inajizima. Mwaka 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime namna hiyo, na mwaka uliofuata wakashusha bei ya kubadilisha betri. Wateja walikasirika, na mimi nawaunga mkono: kilichowaudhi ni kufichwa.

Kuna kuzeeka kwa matumizi na kuna kuzeeka kwa kukaa tu. Kwa matumizi, tunahesabu mizunguko. Ukitumia nusu ya chaji leo na nusu kesho, huo ni mzunguko mmoja, hata kama umechomeka waya mara tano. Apple wanasema betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000, katika hali nzuri. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayotuhusu sisi wa Pwani, kwa sababu hali nzuri wanayoikusudia si ya kwetu.

Kuzeeka kwa kukaa hakuhitaji matumizi yoyote. Utando unakua hata simu ikiwa kabatini, na kinachouharakisha zaidi ni joto. Kanuni ya makadirio wanayotumia wahandisi ni kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuharibika huongezeka karibu mara mbili. Apple wanashauri simu isitumiwe penye joto la zaidi ya nyuzi 35. Sasa fikiria Machi yetu, kaskazi inaelekea kwisha na mchana ni nyuzi 32 au 33 kivulini. Simu ya mwendesha boda imefungwa kwenye usukani juani, ramani imewashwa, waya wa chaji umechomekwa. Hapo mna joto la jua, joto la kazi na joto la kuchaji, yote kwa pamoja. Iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari lililofungwa ina hali mbaya zaidi, kwa kuwa humo ndani nyuzi 50 hupita kwa urahisi.

Joto likikutana na betri iliyojaa pomoni, madhara huzidi. Betri ya asilimia 100 iko kwenye volti za juu kabisa, na kimiminika hakizivumilii vyema. Kwa hivyo kuchaji usiku si dhambi, maana simu yenyewe hukata umeme ikijaa. Ubaya ni kuilaza chini ya mto hadi asubuhi, imejaa na inachemka. Kama simu yako ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe. Na zile nasaha za kuchaji simu mpya saa nane kabla ya kuiwasha, au kuimaliza kabisa kila mara kabla ya kuchaji, ni urithi wa betri za zamani za nikeli. Lithiamu haihitaji hayo, na kuimaliza hadi sifuri kila siku kunaichosha.

Kwa magari, kisa cha kujifunza ni cha Nissan Leaf. Lilipoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, betri yake haikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji kama ya Tesla. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, kwenye joto kali la jangwani, walianza kulalamika kwamba vipimo vya uwezo vinazimika mapema. Mwaka 2013 Nissan waliongeza dhamana iliyohusu upungufu huo, na baadaye wakatoa betri iliyoboreshwa kustahimili joto.

Leaf zinazofika kwetu kutoka Japani zinaweza kuwa na hadi miaka minane, ambayo ndiyo ukomo wa sheria ya Kenya kwa magari yaliyotumika. Mnunuzi hutazama kilomita. Mimi ningetazama kwanza vile vijistari 12 vya uwezo pembeni mwa kipimo cha chaji. Kimoja kikizimika, karibu asilimia 15 ya uwezo imeshakwenda. Tena usiviamini peke yake, kwa sababu kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu vijistari vyote virudi kwa muda. Tafuta mtu mwenye kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi na programu ya LeafSpy, asome hali ya betri. Muuzaji akikataa, kuna yadi nyingine.

Betri za chuma na fosfeti, ambazo siku hizi ziko kwenye pikipiki na magari mengi ya umeme, huvumilia mizunguko mingi zaidi, ingawa ni nzito kwa uwezo ule ule. Na mwendesha boda anayebadilishana betri kituoni amemwachia mwenye kituo mzigo wa kuzeeka kwake. Kwa joto letu, mtaji ukiwa mdogo, huo naona ndio mpango bora.

Betri iliyovimba ni habari nyingine. Kimiminika kimeoza kikatoa gesi. Usiitoboe, usiikandamize, usiichaji tena, na usiitupe jaani pamoja na taka zinazochomwa. Mletee fundi. Na simu ya akiba unayotaka kuiweka miezi kadhaa, ichaji hadi nusu, uizime, uihifadhi penye ubaridi, mbali na mabati.