Kipokezi

Homoni tumeizoea, kliniki yoyote ya uzazi wa mpango utaisikia. Jina hilo alilianzisha Ernest Starling mjini London mwaka 1905, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Mimi nampenda zaidi mwenzake: kipokezi.

Homoni ya estrojeni husambaa na damu mwili mzima, lakini haipokewi sawa kila mahali. Elwood Jensen wa Chicago aliitia alama ya mnururisho, akawadunga panya wachanga: misuli iliiachia ipite, mji wa mimba (mji, si mfuko, wazee walijua kuita) ukaing'ang'ania. Ndani ya seli za mji huo kipokezi huishika homoni, kikatua kwenye DNA na kuamsha jeni zilizolala. Mojawapo hutengeneza kipokezi cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka. Mgeni wa kwanza ndiye anayemtandikia wa pili kitanda.

"Kipokeo" kingefaa pia, ila hicho kinanukia chombo kilichotegwa tu. Kipokezi kinamkumbusha mpokezi, yule anayekutua mzigo kisha akaingia nao ndani.