Ukili na Mkeka: Kazi ya Mikono ya Akina Mama wa Delta ya Rufiji

Historia ya taifa haikai katika vitabu peke yake. Sehemu yake kubwa hukaa katika mikono ya watu, katika vyombo wanavyovitengeneza kwa matumizi ya kila siku, na katika maneno wanayoyatumia kuvitaja vyombo hivyo. Mwanafunzi anayetaka kuijua nchi yake hana budi kujifunza kusoma vyombo hivyo kama asomavyo maandishi. Katika insha hii tutakitazama chombo kimoja tu, nacho ni mkeka, kama unavyosukwa na kushonwa majumbani katika delta ya Rufiji na vijiji vya Kibiti.

Wageni walioandika habari za Rufiji wameitaja sana kwa mambo mawili. La kwanza ni manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, ambayo ilijificha katika mifereji ya delta mwaka 1914, ikaharibiwa na Waingereza tarehe 11 Julai 1915. La pili ni mwindaji Mwingereza, Frederick Selous, aliyeuawa vitani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, na ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la wanyama. Hayo ni kweli, wala hatuna haja ya kuyafuta. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma historia ya watu waliopita Rufiji, wala si ya watu walioishi Rufiji. Wakati mizinga ya manowari ilipokuwa ikinguruma, palikuwa na akina mama katika vijiji vya jirani waliokuwa wakipanda mpunga, wakilea watoto na kusuka ukili. Kazi yao haikuandikwa. Lakini ndiyo iliyodumu.

Mto Rufiji ndio mkubwa kuliko mito yote ya nchi yetu. Hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, ukayateremsha hadi Bahari ya Hindi. Ukaribiapo bahari hugawanyika ukawa matawi mengi, kama vile Simba Uranga na Kikunya, na katikati ya matawi hayo umeota msitu wa mikoko ulio mmoja wa mikubwa kabisa katika pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya delta hiyo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010. Wenyeji wake ni Warufiji, Wandengereko, Wanyagatwa na wengine waliochanganyika nao kwa ndoa na biashara.

Maisha ya watu hao yamefungamana na mafuriko. Maji yakija kwa kiasi chake huleta udongo wenye rutuba. Yakishuka, watu hulima mazao ya mlau katika unyevu uliobaki. Yakizidi huharibu mashamba na nyumba. Wakati wa mpunga kukomaa, jamaa nzima huweza kuhamia shambani, wakaishi katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuwafukuza ndege na nguruwe. Sasa tujiulize: watu waishio hivyo wanahitaji samani za namna gani? Kitanda kizito hakipandishwi katika dungu kwa urahisi, wala kabati halipakiwi katika mtumbwi maji yanapopanda. Mkeka hukunjwa ukabebwa kichwani au kwapani. Hutandikwa popote, hukauka upesi juani, na ukichakaa malighafi ya kuutengeneza mwingine huota porini. Kwa hiyo anayeuona mkeka kuwa ni alama ya umaskini amekosea. Mkeka ni jibu la busara kwa swali lililoulizwa na mto.

Tuitazame sasa kazi yenyewe. Malighafi ya mkeka mzuri ni ukindu, yaani majani ya mkindu, mti wa jamii ya mitende unaopenda mahali penye maji. Miyaa, majani ya mti mwingine wa jamii hiyo, ni migumu zaidi, nayo hutumika hasa kwa majamvi, vikapu na makanda ya kutilia nafaka. Majani yanayotakiwa ni machanga, yale ya katikati ambayo hayajafunguka bado. Mkataji mwenye busara huchukua kiasi tu, akauacha mti uendelee kuishi. Majani hayo huanikwa juani mpaka yageuke rangi ya maziwa, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba zenye upana ulio sawa. Uzuri wa mkeka huanzia hapo. Chane zisipolingana, hakuna ufundi wa baadaye utakaoficha kosa hilo.

Baadaye huja kazi ya rangi. Zamani rangi zilitoka katika mimea: mizizi ya mdaa ilitoa weusi, magome ya mikoko yalitoa wekundu wa hudhurungi, na manjano ilitoa rangi iliyopewa jina lake. Tangu rangi za unga zilipoanza kuuzwa madukani, wengi wamezitumia hizo, kwa kuwa hung'aa na humpunguzia msukaji kazi. Chane huchemshwa pamoja na rangi katika sufuria, kisha huanikwa tena kivulini.

Ndipo kusuka kunapoanza. Msukaji hasuki mkeka mzima kwa mara moja. Husuka ukili, yaani utepe mrefu na mwembamba, na kila chane inapokaribia kwisha hupachika nyingine bila ya kuacha fundo. Ukili husukwa mahali popote: barazani wakati wa mazungumzo, chini ya mwembe mchana wa jua kali, hata njiani mtu akienda kumjulia hali mgonjwa. Unavyozidi kurefuka huviringwa ukawekwa kando. Urembo wote hupangwa humo, kwa kuhesabu chane za rangi na kuzipokezana. Msichana aliyefundishwa na bibi yake kusuka ukili wa maua amefundishwa hesabu kabla ya kuingia darasani.

Ukili ukitosha hukatwa vipande kwa urefu unaotakiwa, vikapangwa sambamba na kushonwa ukingo kwa ukingo kwa sindano kubwa, yaani shazia, na uzi wa ukindu wenyewe. Mshonaji hodari huvikutanisha vipande hivyo hata maua ya ukili huu yakaitikiana na maua ya ukili ule, na mshono usionekane. Mwisho ni kumalizia: ncha zilizojitokeza hukatwa kwa kisu kikali, na kingo hukunjwa zikashonewa pindo ili mkeka usifumuke. Wako wanaoharakisha hatua hii kwa sababu mnunuzi haitazami. Lakini ni pindo ndilo linaloamua kama mkeka utadumu mwaka mmoja au miaka mingi.

Ili tuielewe kazi hii, na tufanye hesabu ndogo. Chukua mkeka wenye urefu wa meta 2 na upana wa sentimeta 120. Ikiwa ukili wake una upana wa sentimeta 6, vitahitajika vipande 20, navyo vikiunganishwa kwa urefu ni meta 40 za ukili, yaani karibu pima 22. Kila sentimeta ya meta hizo 40 imepita katika vidole vya mtu mmoja. Ukili ukiwa mwembamba zaidi, urembo huongezeka na kazi huongezeka pia. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa methali hiyo si mfano tu, bali ni maelezo kamili ya kazi.

Mkeka humpokea mtu anapozaliwa na humsindikiza anapokufa. Mtoto mchanga hulazwa juu yake. Bibi arusi hutandikiwa ulio mpya. Mwenye kuswali ana msala wake. Wafiwa hukaa juu ya jamvi. Mpunga huanikwa na kupepetwa juu ya majamvi, na nafaka hutiwa katika makanda. Katika pwani palikuwa pia na fumba, mfuko wa mkeka ambao mtu huingia ndani yake akalala, akajikinga na baridi na mbu. Hata baharini kazi hii ilifika: tanga la mtepe, chombo cha pwani ya Lamu kilichoshonwa kwa kamba bila ya misumari, lilikuwa la mkeka.

Hapa inafaa tukumbuke jambo la kale zaidi. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinachoeleza biashara ya Bahari ya Hindi, kinautaja mji wa Rhapta katika pwani yetu, na kueleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Wataalamu bado wanajadiliana mji huo ulikuwa wapi, na delta ya Rufiji ni miongoni mwa mahali panapotajwa. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia wetu, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimbua karibu na Kibiti shanga za kioo zilizotoka katika ulimwengu wa Warumi. Shanga hudumu ardhini miaka elfu mbili. Ukindu huoza katika muda mfupi. Basi tusishangae kwamba biashara ya wanaume wa mbali imeacha alama udongoni, na kazi ya mikono ya wanawake wa hapa haikuacha. Kutokuonekana kwa kitu si dalili ya kutokuwapo kwake.

Kazi hii imepita pia katika nyakati za dhiki. Wakoloni wa Kijerumani, tangu mwaka 1902, waliwalazimisha watu wa pwani ya kusini kulima mashamba ya pamba. Kila siku iliyotumika katika shamba la mkoloni ilikuwa siku iliyonyang'anywa shamba la mpunga na kazi ya nyumbani. Kutoka Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji na matumaini. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vimekwisha anza. Baada ya Uhuru, kufuatia mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni hadi vijiji vipya vya mahali pa juu. Mafuriko hayakukoma: yalikuja na mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tena Aprili 2024, yakazikumba Rufiji na Kibiti. Katika kila uhamaji huo, mkeka ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyokunjwa kwanza na kutandikwa kwanza.

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwataka wananchi waache kuona haya kwa mambo yao wenyewe. Mara nyingi tumeuelewa wito huo kuwa ni wa ngoma peke yake. Lakini ngoma huchezwa siku ya sherehe, na mkeka hutumika kila siku. Leo mikeka ya plastiki na magodoro yameingia katika kila kijiji. Ni ya bei nafuu, nasi hatuwezi kumlaumu mama anayeinunua ili apate muda wa kupumzika. Lawama ituelekee sisi tunaousifu mkeka wa ukindu katika maonyesho, kisha tunambishia bei mama aliyeusuka hadi apunguze. Mnunuzi huuona mkeka mmoja. Pima 22 za ukili hazioni. Ufundi usiomlisha fundi hauwezi kurithiwa, kwani binti hatajifunza kazi aliyomwona mama yake akiifanya bila ya malipo ya haki.

Hivyo basi, mwalimu anayefundisha historia awatume wanafunzi wake nyumbani wakaulize: nani alimfundisha bibi kusuka? Ukindu ulikatwa wapi zamani, na sasa unakatwa wapi? Ukili huu unaitwaje, na una chane ngapi? Majibu yaandikwe kwa majina ya wasemaji na tarehe, kama tunavyoandika habari za vita na mikataba. Mwanafunzi asuke walau pima moja ya ukili kwa vidole vyake, ndipo atakapojua thamani ya mkeka anaoukalia. Mikindu ikiendelea kuota kando ya maji na wasichana na wavulana wakajifunza, kazi hii itaishi. Tukingoja mpaka msukaji wa mwisho akunje jamvi lake, hatutakuwa na kitabu cha kutufundisha upya, kwa maana kitabu chenyewe kilikuwa mikono yake.