Tundu Mahali pa Kichwa cha Mfalme

Makongeni, ile ya Jogoo Road wala si ya Thika, ni mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, na nyumba ya mwanareli haikosi kopo la vikorokoro: misumari, vifungo, funguo ambazo hakuna ajuaye zafungua nini. Juzi mstaafu mmoja alinimiminia kopo lake juu ya gazeti. Chini kabisa zilikuwamo senti za tundu. Nilichukua moja, ya senti kumi, nikaisogeza dirishani. Ya 1936.

EDWARDVS VIII REX ET IND IMP. Hicho ni Kilatini, lugha ya Roma ya kale, na V imesimama mahali pa U kama walivyoandika Warumi. IMP ni kifupi cha imperator, cheo kilichopigwa kwenye sarafu za Kaisari Augusto miaka elfu mbili iliyopita. Hata neno letu dinari limetoka huko: Warumi waliita denarius, Waarabu wakaichukua, nasi tukaipokea.

Wakusanyaji wa sarafu za Roma hutazama kichwa kwanza. Julius Caesar alikuwa Mrumi wa kwanza kutiwa sura yake kwenye sarafu za Roma akiwa hai, mwaka 44 kabla ya Kristo. Machi mwaka huo huo akachomwa visu. Na ile dinari ya kwenye Injili, ambayo Yesu aliuliza ina picha ya nani, wakusanyaji wengi husema ni ya Tiberio, na kwa sababu hiyo tu inatafutwa kuliko nyingine nyingi za zama zake.

Sasa, kwenye senti ya mzee wangu kichwa kiko wapi? Pana taji dogo, pana maandishi, na katikati, pale ambapo uso wa mfalme ungekaa, pana tundu. Husimuliwa kwamba lilitobolewa ili watu wasio na mifuko watunge senti zao kwenye uzi. Lilianza tangu enzi za rupia, kabla ya florini ya 1920 iliyokuja na kuondoka upesi, kisha shilingi.

Tundu hilo ndilo lililomwingiza Edward wa Nane katika historia ya sarafu. Alirithi ufalme Januari 1936, na tarehe 11 Desemba mwaka huo huo akawa ameuacha ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwisha kuachana na waume wawili. Uingereza yenyewe haikuwahi kutoa rasmi sarafu yenye sura yake. Lakini senti isiyohitaji sura haikuwa na haja ya kusubiri mchongaji. Ndiyo maana senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki, nyingine zikiwa na alama ya H au KN za viwanda vya Birmingham, zilibeba jina lake zikanunua chumvi na kiberiti, huku Waingereza kwao hawana hata moja yenye uso wake mfukoni.

Mzee alikuwa amesikia zina thamani ya maelfu. Ilinibidi nimwambie ukweli: zilipigwa kwa mamilioni, si adimu. Nilimsihi pia asizisugue kwa jivu na limau. Senti iliyong'arishwa hivyo mkusanyaji haitaki.

Tulizipanga kwa miaka, na hapo ndipo raha ilipoanza. India ilijitawala 1947. Ukitazama senti za 1949, IND IMP, yaani mtawala wa India, imetoweka, amebaki GEORGIVS SEXTVS REX, Mfalme George wa Sita. Akaja Elizabeth, na Kilatini kikaondoka, jina lake likaandikwa kwa Kiingereza. Senti za 1964 hazina mfalme wala malkia, zimeandikwa Afrika Mashariki tu kwa Kiingereza. Tundu na pembe mbili za ndovu zinazolizunguka vilibaki.

Mwaka 1966 Kenya ikatoa sarafu zake, tundu likazibwa kwa uso wa Mzee Kenyatta. Kinachonichekesha ni kuwa sarafu hizo za mwanzo zilikuwa na uso bila jina. Jina liliongezwa 1969. Edward alipata jina bila uso. Baadaye akaja Moi, kisha Kenyatta akarudi, mpaka Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikakataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Sarafu mpya, zenye twiga, kifaru, simba na ndovu, zilizinduliwa tarehe 11 Desemba 2018: miaka 82 kamili, siku kwa siku, tangu Edward aache taji.

Mzee alirudisha senti zote koponi isipokuwa ile ya 1936. Alitafuta uzi, akaupitisha kwenye tundu, akaifunga pamoja na ufunguo wa kabati.