Mpini wa kisu cha kukunja

Mpini wa kisu cha kukunja ni sehemu ya kushikia ya kisu ambacho bapa lake hulala ndani ya mpini kinapofungwa. Mpini huo ni mshikio na papo hapo ni ala. Tofauti hii ndiyo inayotawala uchaguzi wa malighafi. Katika kisu cha kawaida msuka huchomekwa ndani ya mpini, na mbao ikivimba kidogo hakuna kinachoharibika. Katika kisu cha kukunja, mpini ukivimba bapa hubanwa. Ukisinyaa ribiti hulegea, na kisu kilicholegea kinaweza kujifunga juu ya vidole vya mtumiaji. Hata visu vya Opinel, vilivyoanza kutengenezwa Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, huwa vigumu kufungua mpini wake wa mbao ukilowa.

Kwa kawaida mpini huundwa kwa mabamba mawili yanayokazwa kwa ribiti, kila moja upande wake, mara nyingi juu ya sahani nyembamba za chuma au shaba ya manjano.

Mbao

Misitu ya miombo ya nyanda za juu za Kigoma, katika wilaya za Kakonko, Kibondo na Kasulu, ina mbao zinazofaa kazi hii. Mninga (Pterocarpus angolensis) husinyaa kidogo sana unapokauka, na ukishakauka hautikisiki sana majira yakibadilika. Mkurungu (Pterocarpus tinctorius) ni ndugu yake, mwekundu zaidi na mzito zaidi. Mpingo (Dalbergia melanoxylon), mti wa taifa wa Tanzania, ndio unaosifiwa kuliko yote, pengine kupita stahili yake kwa kazi hii: ni mgumu, mweusi, huzama majini na hung'aa bila rangi, lakini hukauka polepole na ukiharakishwa hupasuka.

Kukausha ni muhimu kuliko jina la mti. Kipande kilichokatwa wakati wa masika na kufungwa ribiti kikiwa kibichi kitasinyaa ifikapo Julai. Mafundi huacha mabamba kivulini kwa miezi, huyapima uzito mara kwa mara, na huanza kazi uzito usipopungua tena. Mwishoni mpini hupakwa nta ya nyuki, ambayo haiadimiki katika wilaya hizi za wafugaji wa nyuki. Nta huchelewesha maji, haiyazuii kabisa. Vumbi la mpingo na la mninga huwasha ngozi na pua, hivyo msasa hutumiwa mahali penye hewa, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa.

Miti hii inasimamiwa kisheria. Uvunaji huhitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Biashara ya kimataifa ya mpingo imo katika Kiambatisho II cha mkataba wa CITES tangu 2017. Mkurungu uliongezwa na mkutano wa 2019, na mninga na ule wa 2022.

Pembe na mifupa ya ng'ombe

Pembe ya ng'ombe hulainika ikichemshwa, ikanyooshwa kati ya mbao mbili na kuachwa ipoe. Ncha yake ni ngumu ndani na ndiyo bora. Upande wa kichwani una uwazi. Ng'ombe wa pembe ndefu wa aina ya Ankole, waliofugwa Buha tangu zamani, hutoa vipande vikubwa. Mfupa hulowekwa kwanza katika maji ya sabuni kwa siku kadhaa, kwani mafuta yaliyobaki hunuka na huzuia gundi kushika.

Pembe au mfupa wa mnyama aliyekufa kibudu hautumiwi kamwe. Vijidudu vya kimeta huishi kwa miaka mingi, na vumbi la tupa huviingiza mapafuni.

Pembe za ndovu na kifaru

Karne ya 19 misafara ilipeleka pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi Tabora, Bagamoyo na Zanzibar. Pembe za Afrika zilifika hata Sheffield, Uingereza, zikawa vipini vya visu. Mwaka 1989 CITES iliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo. Hata hivyo sensa za Tanzania zilionyesha ndovu wakipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014, na Pori la Akiba Moyowosi mkoani Kigoma halikusalimika. Pembe ya kifaru ilitakiwa kwa vipini vya majambia ya Yemen. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kumiliki nyara hizi bila kibali ni kosa, hata kama ni kipande kidogo kilichopachikwa kwenye mpini.

Njumu

Njumu ni pambo linalopachikwa ndani ya mpini likawa sawa na uso wake. Pwani ufundi huu unajulikana kwa viti vya enzi vya Lamu, vilivyotiwa pembe na mfupa. Ganda la chaza hung'aa lakini huvunjika kwa urahisi. Waya wa fedha au shaba hugongwa ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa kwa patasi. Metali haisinyai na mbao husinyaa, kwa hiyo vipande vidogo hudumu kuliko bamba moja kubwa, na mbao iliyokauka vizuri hushika njumu kuliko gundi yoyote.

Malighafi za viwandani

Micarta hutengenezwa kwa kitambaa au karatasi iliyogandishwa kwa utomvu wa kiwandani, na G10 kwa nyuzi za kioo. Zote mbili hazivimbi kwa maji kama mbao. Vumbi la G10 ni hatari kwa mapafu, hivyo hukatwa na kusuguliwa likiwa limeloweshwa maji.