Wanyama wa kusafisha mchanga katika tangi la matumbawe: Jinsi ya kuwachagua

MCHANGA ulio chini ya tangi la matumbawe si pambo tu. Ndani yake huishi bakteria, minyoo na viumbe wengine wadogo mno ambao hula mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Mchanga huo ukikaa muda mrefu bila wa kuuchokoa, huvikwa utando wa mwani wa rangi ya kahawia, hushikana ukawa mgumu na kukusanya uchafu ambao hatimaye huharibu maji.

Ndiyo maana watu wanaofuga matumbawe na samaki wa baharini huweka ndani ya tangi konokono, majongoo bahari na samaki wanaofukua mchanga. Hata hivyo, wengi wa wanyama hao hufa baada ya miezi michache tu, na mara nyingi kinachowaua si maradhi bali njaa.

Kwa hivyo, swali la kwanza la mfugaji lisiwe ni mnyama yupi anayesafisha zaidi. Liwe ni mnyama yupi anayeweza kulishwa na mchanga uliopo.

Kazi ya mchanga

Uchafu unapooza hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Katika tabaka za chini, ambako oksijeni ni haba, bakteria wa aina nyingine huigeuza nitrati kuwa hewa ya nitrojeni, nayo hutoka majini.

Kwa sababu hiyo, kina cha mchanga ni jambo la kuzingatiwa. Mchanga wa sentimita tatu hadi tano waweza kufukuliwa wote bila madhara makubwa. Mchanga wa sentimita 10 au zaidi hutegemea utulivu wa tabaka zake za chini, na hufaa wanyama wanaotembea juu au kuchimba kidogo tu. Aidha, tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita ili bakteria waenee, na hata baada ya hapo mchanga wake huwa bado hauna chakula cha kutosha.

Konokono

Konokono wadogo wa jamii ya Nassarius ndio chaguo jepesi zaidi kwa anayeanza. Mchana hujizika mchangani wakiacha nje mrija mwembamba wa kunusia. Wanapohisi harufu ya chakula huibuka kwa haraka na kula mabaki ya nyama na samaki waliokufa. Hawali mwani, hivyo anayewanunua kwa ajili ya kuondoa utando wa kahawia atakuwa amepoteza fedha zake bure.

Kazi ya mwani huwafaa konokono wa jamii ya Cerithium, wenye makombe marefu yaliyochongoka. Hawa hutoka zaidi usiku, wakala mwani na uchafu mwororo juu ya mchanga na kwenye kioo. Konokono wakubwa wa jamii ya Strombus nao hutambaa mchangani mchana kutwa wakilamba mwani, ila wanahitaji eneo pana lisilo na mawe. Katika tangi dogo, mmoja anatosha.

Kaa wanaoishi ndani ya makombe ya konokono hula mabaki pia, lakini wana tabia ya kuwaua konokono walio hai ili kuwapokonya makombe. Anayewaweka hana budi kuwatilia makombe matupu ya ukubwa mbalimbali.

Jongoo bahari

Hakuna mnyama anayesafisha mchanga kumshinda jongoo bahari. Humeza mchanga, akameng'enya mwani na bakteria walioshikamana nao, kisha huutoa ukiwa safi. Katika utafiti uliotolewa mwaka wa 2021, wanasayansi nchini Australia walikadiria kwamba majongoo katika mwamba mmoja tu, wa kisiwa cha Heron, hupitisha zaidi ya tani 64,000 za mchanga matumboni mwao kwa mwaka.

Lakini uwezo huo ndio unaomletea shida ndani ya tangi. Jongoo mkubwa huumaliza upesi ulaji uliomo katika mchanga mchache, kisha huanza kusinyaa. Hatari nyingine ni sumu iitwayo holothurini. Jongoo akivutwa na pampu, akijeruhiwa au akifa bila kugunduliwa, sumu hiyo yaweza kuua samaki wote. Mfugaji anayemtaka lazima awe na tangi kubwa lililokomaa na azibe midomo ya pampu kwa wavu au sponji.

Kiti cha pweza na samaki

Kiti cha pweza wa jamii ya Astropecten huuzwa kama msafishaji hodari, ilhali chakula chake si uchafu. Huwinda minyoo, konokono wadogo na viumbe wengine wanaoufanya mchanga uwe hai. Katika tangi dogo huwamaliza, kisha yeye mwenyewe hudhoofika na mikono yake kuanza kukatika. Kwa tangi la nyumbani ni heri kumwacha.

Samaki wa jamii ya Valenciennea huchota mchanga mdomoni, wakauchuja kwa matamvua na kuubakiza weupe wa kupendeza. Weupe huo usimdanganye mfugaji. Samaki hao hutafuta viumbe wadogo wa kula, na wasipolishwa vyakula vingine, kama vile uduvi waliogandishwa, mara kadhaa kwa siku, hukonda hadi kufa. Vilevile humwaga mchanga juu ya matumbawe ya chini, na hupenda kuruka nje, hivyo tangi lao lahitaji kufunikwa kwa wavu. Mawe nayo yawekwe juu ya kioo kabla ya mchanga kutiwa, yasije yakaporomoka yanapofukuliwa.

Idadi na wakati

Kwa tangi la lita 200 lililokaa miezi kadhaa, yatosha kuanza na Nassarius watano na Cerithium watano, kisha kungoja. Utando wa mwani ukizidi kuonekana, huongezwa mmoja wa jamii ya Strombus. Kuongeza mnyama ni rahisi kuliko kumwondoa aliyefia chini ya mchanga na kuyachafua maji aliyoletwa kuyasafisha.

Wanyama hawa hawastahimili mabadiliko ya ghafla ya chumvi, hivyo wazoeshwe kwa kutiliwa maji ya tangi tone kwa tone. Pia, dawa za samaki zenye shaba zisitiwe katika tangi lao kwa kuwa huwaua.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua kwa hadhari. Wengi wao hawazaliwi katika vituo vya ufugaji bali huchukuliwa baharini. Majongoo, konokono na samaki wa jamii zilizotajwa hapa hupatikana pia katika maji yasiyo na kina ya pwani ya Kenya, wakifanya kazi hiyohiyo ya kuusafisha mchanga ulio baina ya miamba na ufuo. Katika mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, hairuhusiwi kuwachukua. Kwingineko, jongoo anayefia tanginy kwa njaa ni jongoo aliyepunguzwa baharini bure.

Mwisho, mnyama asiletwe kurekebisha kosa la mfugaji. Ikiwa utando unarudi kila wiki, huenda chakula kinachotiwa ni kingi mno, maji hayabadilishwi ipasavyo au mkondo wake ni dhaifu. Mambo hayo yakitengenezwa kwanza, konokono wachache watatosha, na watapata cha kula kwa miaka.