Kabla Mathe Alipe Ploti, Uliza Hapo Palikuwa Nini

Wasee, mathe ameamua. Tunahama Umoja. Kodi imepanda tena, maji yanakuja siku anazotaka mwenye nyumba, na mdogo wangu anafanyia homework kitandani. Pesa za sacco zinatosha ploti moja. Tukikosea, hakuna ya pili. Na kwa vile mimi ndiye niliacha kampasi, eti niko na muda, nikatumwa kuangalia Ruiru na Kitengela.

Mabroka wote huimba wimbo mmoja: "Nusu saa tu kutoka tao." Hakuna anayekuambia hapo palikuwa nini kabla ya bikoni. Nikaamua kusoma mwenyewe.

Kwanza, kwa nini tuko Eastlands? Reli ilifika Nairobi 1899. Wazungu wakajichukulia magharibi, kule juu kwenye miti, na Mwafrika akasukumwa mashariki kwenye tambarare. Kuanzia 1920 mwanaume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande. Alionekana mfanyakazi wa kupita tu, mke na watoto wabaki ushago. Umoja yenyewe ilijengwa miaka ya 1970, uhuru tayari, lakini bado upande ule ule. Kwa hivyo mathe akiuliza familia itoshee wapi, anauliza swali ambalo huu mji ulikataa kujibu tangu mwanzo.

Ruiru ilikuwa kahawa. Walowezi walichukua ardhi ya Wakikuyu, na reli ya Thika ikafika 1913 kubeba mazao. Ile mbegu inaitwa Ruiru 11, iliyotolewa 1985, jina lake limetoka hapo hapo kwenye kituo cha utafiti. Baada ya uhuru watu walichanga pesa kwenye kampuni za kununua mashamba, kila mtu na hisa zake, halafu shamba likakatwa vipande. Githurai ilizaliwa hivyo. Ndiyo maana huko ploti ni nyembamba na barabara za ndani zimebanana: waliokata walikuwa wanagawia wanahisa, si kupanga mji. Na ndiyo maana unaweza kupata watu wawili na karatasi za ploti moja. Thika Road mpya ilipofunguliwa 2012, bei ikaruka.

Kitengela ndiyo mathe alipenda. Kwa pesa ile ile unapata ploti kubwa, na upepo upo. Lakini hii ndiyo historia ilinikalisha chini. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Mwaka wa 1911 wale wa Laikipia pia wakaambiwa wahamie kusini. Kajiado ni sehemu ya hapo waliposukumiwa. Kisha sheria ya 1968 ikaleta ranchi za pamoja, na hizo nazo zikaanza kugawanywa, kila familia na hati yake. EPZ ya Athi River ikaja miaka ya 1990, wafanyakazi wakahitaji vyumba, na aliyekuwa na hati na shida ya karo akauza. Hakuna mtu alikaa chini akasema hapa tuweke mji. Maji ya bomba yangetoka wapi? Watu wanachimba visima, na mengi ni ya chumvi. Udongo ni ule mweusi, unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, kwa hivyo msingi wa nyumba unakula pesa mbaya. Hiyo ploti ya bei nafuu si ya bei nafuu hivyo.

Tena Nairobi National Park, ya 1946, haina ua upande wa kusini. Wanyama walikuwa wakishuka tambarare za Kitengela msimu wa mvua tangu zamani. Broka alicheka nilipouliza kuhusu simba. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya barabara hakucheka. Alinionyesha kwa fimbo mahali ng'ombe wa babake walikuwa wakipita. Sasa kuna ukuta na geti la bluu.

Nilimweleza mathe haya yote jikoni. Akanyamaza, akageuza chapati, akauliza, "Sasa wewe ungelala wapi?"

Nikasema Ruiru, lakini hatutoi hata shilingi kabla ya kuona rejista. Ameitisha ruhusa kazini. Jumatatu saa mbili tuko ofisi ya ardhi, na yule broka hajaambiwa.