Uamilishaji wa Mifumo ya Majengo: Istilahi na Taaluma Yake

Uamilishaji wa mifumo ya jengo ni kazi ya kuthibitisha, kwa vipimo na kwa maandishi, kwamba mitambo, umeme na mabomba ya jengo vinafanya kazi kama mwenye jengo alivyotaka na kama mhandisi alivyosanifu. Mifumo inayohusika ni viyoyozi na feni, transfoma, swichibodi na jenereta, pampu, matangi na mabomba ya maji, pamoja na lifti na vifaa vya kukabiliana na moto. Mtaalamu wa kazi hii ni mwamilishaji.

Istilahi hii imejengwa juu ya kitenzi amilisha, yaani kufanya kitu kitende kazi yake. Inafaa kutofautishwa na maneno yaliyo jirani nayo. Uzinduzi ni hafla ya kufungua jengo kwa umma. Kuwasha ni tendo la mara moja la kuupa mtambo umeme. Ukaguzi hutazama iwapo vifaa vimefungwa kwa kufuata michoro na kanuni. Makabidhiano ni hatua ya kisheria ambapo mkandarasi humwachia mwenye jengo kazi iliyokamilika. Uamilishaji huanza kabla ya yote hayo na huendelea baada yake.

Dhana yenyewe ilitumika kwanza kwa meli, ambazo hujaribiwa baharini kabla ya kuingizwa kazini. Katika majengo, ASHRAE, chama cha wahandisi wa joto na viyoyozi chenye makao yake Marekani, kilitoa mwongozo wake wa kwanza wa uamilishaji mwaka 1989. Mwongozo wa mwaka 2005 uliupanua mchakato huo ukahusu jengo zima. Nchini Uingereza, taasisi ya CIBSE ina kanuni zake za kuamilisha mifumo ya hewa, maji na taa. Mfumo wa LEED, unaotoa vyeti kwa majengo yanayojali mazingira, huufanya uamilishaji wa msingi kuwa sharti la lazima.

Kazi hupita katika hatua tano. Ya kwanza ni kuandika matakwa ya mwenye jengo: joto la vyumba, kiasi cha hewa safi, muda ambao jengo linapaswa kujitegemea umeme wa gridi unapokatika. Ya pili ni kupitia michoro ili kuona kama matakwa hayo yamezingatiwa, na kama pampu na vali zimewekwa mahali fundi atakapozifikia. Ya tatu ni kufuatilia ufungaji kwa orodha hakiki, kwa sababu kasoro iliyofunikwa na dari au plasta ni ghali kuirekebisha.

Hatua ya nne, iliyo kiini cha kazi, ni majaribio. Nyaya hupimwa ukinzani wa kihami kabla ya kupewa umeme. Kwa saketi za kawaida za nyumba, kanuni za kimataifa hutaka kipimo cha volti 500 za mkondo mnyoofu kionyeshe walau megaohmu 1. Mabomba hujazwa maji na kupewa shinikizo kubwa kuliko la kazi ili mivujo ijitokeze. Ya maji ya kunywa husafishwa pia kwa klorini. Kanuni moja inayotumika sana Marekani hutaka miligramu 50 kwa lita zikae bombani saa 24. Mtiririko wa hewa hupimwa katika kila tundu na kusawazishwa hadi ukaribiane na kiwango cha usanifu.

Kisha mifumo hujaribiwa kwa pamoja, maana kila mmoja waweza kufaulu peke yake na jengo likashindwa. Umeme wa gridi hukatwa kwa makusudi ili ionekane kama jenereta inawaka na kubeba mzigo. Nchini Marekani, umeme wa dharura wa hospitali unatakiwa kurejea ndani ya sekunde 10. Kihisi moshi nacho huchokozwa: king'ora kinapaswa kulia, feni zinazoweza kusambaza moshi zisimame, na lifti zishuke na kufungua milango.

Hatua ya tano ni kuwafundisha watakaoliendesha jengo, kuwakabidhi kumbukumbu zote, na kurudi baada ya miezi kadhaa kuipima mifumo wakati watu wamo ndani. Faida zake zimepimwa. Utafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley wa mwaka 2009, uliohusu majengo 643 ya Marekani, ulionyesha kwamba uamilishaji wa majengo yaliyokwisha kutumika ulipunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 16 kwa kipimo cha wastani.

Taaluma hii ina milango miwili. Wa kwanza ni wa ufundi: fundi umeme, fundi bomba au fundi viyoyozi aliyesoma katika chuo cha VETA nchini Tanzania, au aliyefaulu mitihani ya ufundi ya NITA nchini Kenya, huanza kama mpimaji na kupanda hadi msimamizi wa majaribio. Wa pili ni wa uhandisi: mhitimu wa uhandisi mitambo au umeme husajiliwa na bodi ya wahandisi ya nchi yake, kisha huandaa mipango ya majaribio na kuongoza timu. Hospitali, viwanja vya ndege, hoteli kubwa na vituo vya data ndivyo vinavyomhitaji zaidi mtaalamu huyu, kwa kuwa humo hitilafu ndogo hugharimu maisha au fedha nyingi.

Mwamilishaji anapaswa kusoma mchoro wa fani zote tatu, kuhakikisha vipimio vyake vimesanifishwa, na kuandika ripoti isiyo na utata. La msingi kuliko yote ni uhuru wake. Anayeajiriwa moja kwa moja na mwenye jengo anaweza kuandika kwamba mfumo umeshindwa bila kumwogopa mkandarasi aliyeufunga, na uhuru huo ndio unaoipa thamani sahihi yake chini ya ripoti.